Jina Nililolichukua Kapseret

Nilipopata habari kwamba Mama Rael amefariki, alikuwa ameshakaa kaburini siku tisa. Sikuwa ng'ambo, na simu yangu haikuwa imezimwa. Nilikuwa hapa hapa Elgon View, nyumbani kwangu, nusu saa kwa gari kutoka kwake, nikibishana na watu wa Nairobi kuhusu rangi ya jalada la kitabu cha nane. Hawakunipigia tu. Aliyeniambia ni mwanamke anayeniletea maziwa, akiwa amesimama mlangoni na mtungi wake. "Kwani Auntie hukuenda mazishi ya yule mama wa Kapseret? Watu walikuwa wengi, haki." Nikamwambia nilikuwa na homa. Mimi hula kwa kutunga uongo, na bado uongo wangu wa papo kwa hapo ni wa mtoto wa nasari. Nilifunga mlango nikaweka maziwa kwenye moto, nikakaa. Yakachemka, yakapanda, yakamwagika jikoni kote, nami nikayaangalia tu.

Mkinijua, mnanijua kwa sababu ya Malakwen. Mfalme Malakwen, anayeishi chini ya msitu na kula vivuli vya watoto, na mtoto aliyebaki bila kivuli anaanza kukauka kidogo kidogo mbele ya mama yake. Vitabu saba. Watoto wa nchi hii wamejipaka masizi usoni wakaja kwenye sherehe zangu wakinguruma. Akina mama wamewalaza watoto wao kwa kumtaja. Waandishi wa magazeti huniuliza jina hilo lilitoka wapi, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimewapa jibu moja: lilinijia ndotoni. Wanalipenda sana jibu hilo, wanaliandika kwa herufi nene. Sikuota chochote. Jina hilo nilimchukulia mtu, na mtu huyo alikuwa akinilisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilipiga chapa katika ofisi moja ya ghorofani mjini, taipureta tatu na wasichana watatu, na tulichapa kila kitu ambacho mji huu ulihitaji kusema kwa heshima: barua za kuomba kazi, barua za wakili, historia za marehemu. Karatasi zilizoharibika nilizibeba nyumbani, kwa sababu upande wa nyuma ulikuwa mweupe na mimi nilikuwa na hadithi. Nyumbani kwenyewe kulikuwa chumba kimoja Kapseret, kwenye boma la Mama Rael, mjane mrefu mwenye ng'ombe wanne na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Asubuhi nilipanda pikapu ya maziwa kwenda mjini, nimekaa katikati ya mitungi, nikifika ofisini nanuka mtindi. Chumba changu kilikuwa kimeshikana na jiko lake, ukuta wa mbao kati yetu, na mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, hata mwanga wa moto wake ulinichorea mistari kwenye blanketi. Nilisikia kila kitu. Nilisikia akipuliza moto, akimsema ng'ombe aliyemwaga maziwa, akisugua kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kwa kijiti kilichochomwa. Na kila jioni nilisikia mwiko ukigonga mbao, ko ko ko.

"Nyambura! Ugali unapoa."

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini? Karatasi? Toka huko."

Nami nilitoka. Jikoni kulikuwa na vigoda vitatu: chake, changu na cha Jeruto. Jeruto alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, Kiprono, dereva wa lori la mbao ambaye tulimwona siku mbili kwa mwezi. Alikuwa rika langu, mjamzito, na mwenye mdomo. Nilipoonja mursik mara ya kwanza, maziwa mazito ya rangi ya majivu, nilikunja uso, na Jeruto akacheka hadi akashika tumbo. "Mama, huyu mtoto wa watu atatufia hapa." Mama Rael akanimiminia tena. "Atazoea. Hata mimi nilipoolewa nilikuwa mjinga." Miezi miwili baadaye nilikuwa nikiomba kikombe cha pili. Nimekula katika hoteli za miji mikubwa tangu hapo, mezani na watu waliovaa tai, na sijashiba popote kama nilivyoshiba kwenye kile kigoda.

Lakini msidhani ulikuwa mwaka mzuri. Ulikuwa mwaka wa maneno mabaya. Watu wa kwetu, waliotoka upande wa Mlima Kenya na kufungua maduka na kulima huku, walikuwa wanaanza kufunga mizigo, kwa kuwa walikuwa wakiambiwa huku si kwao. Ofisini msichana wa taipureta ya pili aliacha kuja bila kusema kwaheri, na hakuna aliyeuliza. Mimi begi langu lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa, na viatu juu yake. Jumapili moja baada ya kanisa walikuja wanaume watatu kwa Mama Rael. Nilikuwa chumbani nimelala chali, nikihesabu mabati. Waliongea lugha yao kwa muda, nami sikushika mengi, kisha mmoja akageukia Kiswahili na kupandisha sauti, na nikajua anataka nisikie.

"Mama, huyu mpangaji wako. Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza atahama lini."

Nikasikia chai ikimiminwa, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Huyu anakula sufuria moja na mimi," Mama Rael akasema. "Mkitaka kumtoa, anzeni na sufuria. Ile pale. Chukueni." Nikasikia kopo la sukari likifunguliwa. "Sukari mnaweka ngapi?" akauliza. Walikunywa chai yao wakaenda. Mimi nililia nimeuma kona ya mto, ili asisikie, na naamini alisikia. Kesho yake nilifungua begi nikatundika nguo zangu kwenye misumari. Nataka msome hapo vizuri kabla hatujaendelea, kwa sababu huyo ndiye mtu niliyemfanyia nitakayowaambia.

Jeruto alijifungua mtoto wa kiume wakati mahindi yanaanza kutoa nywele. Siku chache baadaye nilikuwa chumbani Jumamosi mchana, na wanawake wakaanza kuingia jikoni mmoja mmoja, wakinong'ona na kucheka. Nilichungulia kwenye ufa. Kwao mtoto hapewi jina tu, huulizwa. Akina mama wa ukoo humshika, humwekea chembe ya ugoro puani, na kuita majina ya marehemu wa familia, moja baada ya jingine. Jina atakalopigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Aliyekuwa akiita ni Kogo Leah, kogo kwao ni bibi, wifi yake Mama Rael, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti kavu. Aliita polepole, akisubiri baada ya kila jina kama mtu anayebisha hodi. Kipsoi. Akasubiri. Songok. Akasubiri. Malakwen.

Mtoto akapiga chafya.

Vigelegele vilipasua paa. Na Mama Rael, mwanamke aliyewafukuza wanaume watatu kwa kikombe cha chai, akapiga magoti kwenye majivu, akamshika yule mtoto wa siku sita usoni, akamwambia kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili, "Mzee, umechelewa wapi?" Malakwen alikuwa mumewe. Alikuwa amekufa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote alikuwa hajarudi kwa mtoto yeyote wa ukoo.

Kuanzia siku hiyo alikuwa mwanamke mwingine. Alimbeba mjukuu mgongoni akienda kukamua, akimweleza bei za maziwa. "Mzee wangu, ule ng'ombe wako mweusi tuliuza. Usinikasirikie." Mimi nilielewa, au nilidhani nimeelewa, maana kwetu pia bibi humwita mjukuu mume wangu. Ila kwetu jina la babu hupewa mtoto kwa zamu inayojulikana, na huandikwa. Liko kwenye cheti, liko kwenye ripoti ya shule, siku moja litakuwa juu ya mlango wa duka. Kila mtu anajua ni la nani. Kwa hiyo nilimuuliza tukila: "Mama, sasa nikikuchapia fomu ya cheti niandike Malakwen?" Akatikisa kichwa haraka. "Hapana. Andika Elijah Kibet. Hilo lingine si la karatasi." Nikaitikia, nikamega ugali. Na katika kichwa changu cha mpiga chapa, mtu aliyeamini kwamba kitu kina mwenyewe pale tu kinapoandikwa na kupigwa muhuri, nikaelewa kinyume kabisa. Nilielewa kwamba jina hilo halina karatasi, basi halina mwenyewe.

Hadithi yangu wakati huo ilikuwa imefika kurasa themanini na mfalme wake hakuwa na jina. Nilikuwa nimejaribu majina yote. Yale niliyoyatunga yalinuka utungaji, na yale niliyoyatoa kwetu yalikuwa ya watu wanaouza viazi. Siku moja mchana ofisini, mkubwa akiwa ametoka kwenda kula, niliingiza karatasi kwenye taipureta na vidole vikaandika vyenyewe: Malakwen akafungua mdomo wake, na vivuli vya watoto vikaanza kutambaa kuelekea kwake. Haki ya Mungu, nilicheka kwa furaha peke yangu mle ofisini. Orodha yote ya Kogo Leah nilikuwa nayo kichwani, kwa mpangilio wake, kwa kuwa wapiga chapa ndivyo tulivyo, tunasikia mara moja na mikono inakumbuka. Kipsoi na Songok wakawa majemadari wake. Kufikia jioni marehemu wa boma lile walikuwa wamejipanga kwenye kitabu changu na mapanga mkononi.

Nilirudi Kapseret nimechangamka hata Mama Rael akaona. "Leo umepewa nini?" akauliza.

"Mfalme wangu amepata sura, Mama."

"Yule wa hadithi? Ni mzuri?"

"Mbaya. Mbaya sana."

Akageuza ugali, akafikiri. "Ana mke?"

"Hana."

"Maskini. Sasa nani anampikia?"

Jeruto alicheka, mimi nikacheka, mtoto akaamka akalia. Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia, na si kwa kuficha. Haikunijia kwamba kuna la kusema. Mwaka ulipoisha nilipata kazi nzuri zaidi mjini na chumba chenye stima, nikahama. Mama Rael alinifungia mursik kwenye chupa ya sharubati, akasimama barabarani hadi pikapu ikapotea.

Kitabu kilizungushwa na wachapishaji miaka mingi kabla ya mmoja kukikubali. Kilipotoka, nakala ya kwanza nilimpelekea yeye. Nilivaa vizuri, nikanunua mkate na sukari na leso. Kibet alikuwa na miaka minane, mwembamba, meno mawili ya mbele makubwa, wa kwanza darasani kwa kusoma. Mama Rael hakujua kusoma, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda chake, akajifunga leso mpya, akamwambia mjukuu, "Mzee wangu, tusomee kitabu cha shangazi yako." Na mtoto akasoma, kwa sauti ya shuleni, kidole chini ya kila neno. Mimi nilikuwa nakunywa chai nikingoja kusifiwa. Sikilizeni aibu yangu yote: nilikuwa nimesahau. Miaka minane nimeliandika na kuliandika lile jina, likawa langu, nikasahau lilikotoka. Nilikumbuka alipofika ukurasa wa kumi na mbili, na hapo chai ilikuwa mdomoni. Nilitaka kuruka nimnyang'anye kitabu. Sikuruka.

"Ma-la-kwen," akasoma. Akasimama. Akasoma tena peke yake, midomo ikicheza. Kisha akainua macho, hakuniangalia mimi, alimwangalia bibi yake. "Kogo, huyu ni mimi?"

Mama Rael alikaza leso yake kiunoni. "Soma," akasema.

Akasoma. Alisoma ile sura yote, mfalme akila kivuli cha mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila alipofika kwenye jina lake sauti ilipungua, hadi mwishoni tulikuwa tunaona midomo tu. Alipomaliza alifunga kitabu akakiweka chini taratibu, akatoka nje kwa ng'ombe. Jeruto alitoka nyuma yake. Tukabaki wawili. Nilisema maneno mengi, siyakumbuki, kwamba ni hadithi tu, kwamba nilipenda mlio wake. Mama Rael alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema jambo moja.

"Uliniambia hana mke."

Hakunifukuza. Alinipa chai nyingine, na nikainywa, kwa sababu sikujua namna ya kusimama.

Baada ya hapo kitabu kikashika moto. Kila darasa likawa na nakala iliyochakaa, redio ikakisoma, na watoto wa Kapseret, ambao tangu wadogo walikuwa wamemsikia Mama Rael akiita "Malakweeen, njoo ule" kutoka upande wa pili wa bonde, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kibet alipokuwa na miaka kumi, Jeruto alipanda hadi ofisini kwangu. Sasa nilikuwa na ofisi, na mlango, na msichana wa kuwaambia watu wangoje. Alingoja kama mgeni yeyote. Alipoingia hakukaa.

"Wanakimbia kivuli chake," akaniambia. "Akipita shuleni wanaruka kando, wanapiga mayowe, wanasema atakula vivuli vyao. Mwalimu mwenyewe anacheka. Mtoto ameanza kutembea kivulini, Nyambura. Anazunguka na miti, asionekane na kivuli. Kwenye jua hatoki."

"Jeruto, pole. Pole sana."

"Sikuja kuchukua pole. Toa jina. Weka lingine. Ni neno moja tu, wewe si mchapaji?"

Niliahidi. Na kweli nilimpigia mhariri wangu Nairobi siku hiyo hiyo. Alicheka, si kwa ubaya. Akasema jina ndilo kitabu, watu hawaji dukani kuulizia hadithi ya vivuli, wanaulizia Malakwen. Cha pili kiko mtamboni, alisema, tutaona toleo lijalo. Nikashusha simu, na nitawaambia ukweli nilioficha kwa kila padri na kila mwandishi wa gazeti: nilifurahi. Nilifurahi kwamba mtu mwingine amekataa kwa niaba yangu. Nilitaka nyumba, nilitaka jina langu kwenye dirisha la duka, na nilijua, kama mtu ajuavyo njaa yake, kwamba bila yule mfalme mimi ni msichana wa taipureta. Jeruto nilimwambia toleo lijalo. Likaja, nikamwambia la baada ya hilo. Kisha nikaacha kupita barabara ya Kapseret.

Kibet alipokaribia kutahiriwa, aliwaambia wazee wa ukoo mbele ya watu wote wasimwite jina hilo tena, na wakimwita hataitika. Nilisikia habari hii sokoni, kutoka kwa Jeruto mwenyewe, akichagua nyanya bila kuniangalia. Nikamuuliza Mama Rael alisema nini. "Alisema, basi mzee wangu amebaki nje." Akalipa nyanya zake. "Tangu hapo hamwiti kijana kwa jina lolote. Anamwita wewe." Mwaka huo kitabu cha tatu kilipata tuzo. Kuna picha yangu nimeishika, ninacheka meno yote nje.

Hivyo nilikwenda kutoa pole nikiwa nimechelewa siku kumi. Nilibeba sukari, unga, majani ya chai na leso, vitu vile vile, kama kwamba mtu huyo bado angejifunga. Ndege ilikuwa inashuka kwenye uwanja wa ndege wa jirani nilipoingia bomani, ikapita juu, mabati yote yakatetemeka. Kibet alikuwa nje anamwaga chakula cha ng'ombe. Ni mwanamume mrefu sasa, ana mvi mbili tatu ndevuni. Alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kunisalimu. "Karibu, Auntie. Pole kwa safari." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, njiani nimeyajibu yote moja moja. Kwa heshima sikuwa nimejiandaa, na ilinimaliza.

Jeruto alinipokea mlangoni. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Alipokea mizigo, akaingia ndani, akarudi na kitabu. Nilikijua kwa plastiki ya njano aliyokifunikia Mama Rael. "Alisema ukija upewe," akasema. Nilikifungua. Kila mahali palipokuwa na jina Malakwen palikuwa pamepigwa kalamu, nyeusi, mara nyingi, hata karatasi ikatoboka. Ukurasa baada ya ukurasa, hadi wa mwisho. Kipsoi alikuwa amefutwa, Songok amefutwa.

"Alikuwa hajui kusoma," nikasema kama mpumbavu.

"Majina hayo matatu alijifunza kuyasoma," Jeruto akasema. "Ilimchukua karibu mwaka. Kila siku akimaliza kukamua."

Mtoto akalia ndani. Ndipo akaniambia kwamba mke wa Kibet amejifungua mvulana, siku moja baada ya mazishi, na kwamba wanawake wako jikoni wanamngoja yeye Jeruto aje waanze. Nilisema nitaondoka. "Kaa," akasema, na haikuwa karibu ya wema. Nikaingia jikoni, nikakaa karibu na mlango. Chumba changu cha zamani sasa ni stoo ya chakula cha ng'ombe, na kupitia zile nyufa niliona magunia mahali pa kitanda. Kogo Leah, mzee mno sasa, haoni vizuri, alipewa mtoto mapajani. Akamwekea ugoro. Akaanza kuita, kwa ile ile sauti kavu, akisubiri baada ya kila jina.

Kipsoi. Akasubiri. Songok. Akasubiri. Kisha akavuta pumzi, na midomo yake ikakaa wazi, na hakusema kitu, akaruka hadi jina linalofuata. Nafasi ilikuwa ya kutosha jina moja. Mikono yangu, kwenye mapaja, ilijua ni lipi. Aliita orodha yote mpaka mwisho na mtoto hakupiga chafya. Wanawake walitazama majivu. Akaongeza ugoro, akaanza tena kutoka juu. Kipsoi. Songok. Akavuta pumzi, midomo wazi, kimya.

Mtoto akapiga chafya.

Kuni zilikuwa zinalia motoni na hicho tu ndicho nilichosikia. Kogo Leah aligeuza uso huku na huku, akitafuta kwa macho yasiyoona mtu wa kumsaidia. "Songok," akasema hatimaye, haraka. "Amekuja Songok." Wanawake wakaitikia chini chini, Songok, ndiyo, Songok. Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Kibet alikuwa amesimama pale na ndoo mkononi. "Nani amekuja?" akauliza. Alitutazama sote, mmoja mmoja, na nilipoona macho yake nikajua alikuwa amesikia ile chafya, na kimya kilichoitangulia, na alikuwa anangoja mtu amwambie. Nilifungua mdomo. Niliyeliandika jina hilo mara elfu, niliyelipaza jukwaani watoto wakinguruma, nilishindwa kulitoa mara moja mahali palipokuwa na mwenyewe.

"Songok," Jeruto akamjibu mwanawe.

Kibet akainamisha kichwa. "Sawa," akasema, akarudi kwa ng'ombe.

Jeruto akanigeukia. "Piga vigelegele, Nyambura," akaniambia. "Wewe ndiye uliyetuchagulia jina hili."

Nikapiga. Wengine walichelewa kuitikia, na kwa muda mrefu sauti ilikuwa yangu peke yangu.